Mnunuzi wa bei ya chini asifukuzwe

Kuna kosa moja linalorudiwa na watu wengi wanaouza jina la kikoa kwa mara ya kwanza. Jina limekaa sokoni miezi, pengine miaka, bila hata mtu wa kuuliza. Siku moja inaingia ofa ya dola 50 kwa jina ambalo mwenyewe analihesabu kuwa ni la dola 5,000. Muuzaji anapandwa na hasira. Ama anajibu kwa kejeli, ama anaufuta ujumbe asijibu kabisa, akijiambia kuwa mnunuzi wa kweli angeijua thamani ya kitu anachokitaka. Hoja yangu ni kwamba majibu yote mawili ni hasara, na hasara yenyewe inapigika hesabu. Katika soko hili mazungumzo kwa kawaida huanzia chini, na jibu linalofaa ni bei: bei iliyofikiriwa mapema, iliyoandikwa kwa adabu, na yenye kikomo ambacho muuzaji alikuwa anakijua kabla mnunuzi hajabisha hodi. Wahenga walisema biashara haigombi, na wauzaji wa majina ya intaneti wanauhitaji msemo huo kuliko wengi.

Tuanze na sababu ya ofa kuwa chini. Jina la kikoa, ile anwani anayoiandika mtu ili afike kwenye tovuti, halina bei ya soko inayoonekana. La kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa Machi 15, 1985, na kwa miaka kumi iliyofuata usajili ulikuwa bure. Mwaka 1995 ndipo ada ilipoanza kutozwa, dola 100 kwa miaka miwili. Tangu Septemba 2024, Verisign, kampuni inayotunza rajisi ya .com, imekuwa ikiwatoza wasajili dola 10.26 kwa jina kwa mwaka, nao huongeza faida yao kabla ya kumuuzia mteja. Hiyo ndiyo bei pekee anayoijua mtu wa kawaida. Akiambiwa kuwa jina analolitaka lina mwenyewe, na mwenyewe anataka dola 5,000, anamwona mtu aliyelipa dola kumi ambaye sasa anadai mara mia tano. Mwenye kiwanja Mbweni au Kitengela humwonyesha mnunuzi bei ya kiwanja cha jirani. Jina la kikoa halina jirani. Majina ya .com yaliyosajiliwa yamepita milioni 150, hakuna mawili yanayofanana, na mauzo mengi hufanyika kwa siri. Kwa hiyo anayeanza na dola 50 mara nyingi hana nia ya kumdhalilisha mtu. Anataka kujua bei inaanzia wapi, na mwenye jina ndiye pekee anayeweza kumwambia.

Sababu ya pili ni kwamba mnunuzi ana njia nyingine. Anayekosa jina fupi huongeza neno, hubadilisha herufi, au hulichukua hilohilo likiishia kwa .co.tz, .co.ke au .africa. Hata kampuni zilizokuja kuwa kubwa kabisa zimepita njia hiyo. Facebook ilianza mwaka 2004 kwa kutumia thefacebook.com, na ilikuwa mwaka 2005 ndipo ilipolipa dola 200,000 ili ipate facebook.com. Tesla ilitumia teslamotors.com hadi mwaka 2016. Elon Musk alieleza baadaye kuwa kulipata tesla.com kulichukua zaidi ya miaka kumi na dola milioni 11. Visa hivi vinaonyesha kwamba bei hutegemea sana hali ya mnunuzi: je, ile njia nyingine bado inamtosha, au imeanza kumbana? Mwenye duka la mtandaoni lililofunguliwa mwezi uliopita na benki inayobadilisha jina lake wanaweza kuitaka anwani ileile, na mmoja akawa na uwezo wa kulipa mara mia ya mwenzake. Ofa ya dola 50 inaonyesha mnunuzi anataka kuanzia wapi. Haionyeshi yeye ni nani wala anaweza kufika wapi, hasa kwa kuwa kampuni zenye fedha hupenda kumtanguliza dalali au kuandika kwa barua pepe isiyowatambulisha, zikijua kwamba zikijulikana tu bei inapaa. Anayemfukuza mtu wa dola 50 hajui amemfukuza nani.

Baada ya kumwelewa mnunuzi, muuzaji ajielewe mwenyewe, na hapo ndipo daftari linapohitajika. Wanaofanya biashara hii kwa wingi husema kwamba katika majina mia moja wanayoyashikilia, kwa mwaka huuzika moja au mawili. Chukua basi mfanyabiashara mwenye majina 100 ya .com. Ada ya kuyahuisha, tukikadiria dola 12 kwa kila moja, ni dola 1,200 kwa mwaka. Akiuza jina moja tu, jina hilo linabeba ada ya wenzake tisini na tisa. Asipobakiwa na zaidi ya dola 1,200 baada ya soko la mtandaoni kukata kamisheni yake, mwaka umeisha kwa hasara. Ndiyo maana maneno kama "ulilipa kumi, nakupa mia, faida mara kumi" hayana uzito kwake: yanayasahau majina yote ambayo hayatauzika kamwe. Wanunuzi wanaolalamika kuwa wauzaji wa majina wana tamaa wangefaa waione hesabu hii kwanza.

Lakini hesabu hiyohiyo inamgeukia mwenye jina moja au mawili. Tuseme anaamini jina lake ni la dola 5,000, na nafasi ya kumpata mnunuzi wa bei hiyo ni asilimia 2 kwa mwaka. Kwa miaka kumi mfululizo, nafasi ya kuliuza ni kama asilimia 18. Yaani kati ya wenye majina mia moja ya aina hiyo, themanini na wawili watamaliza muongo mzima wakilipa ada bila kuuza. Asilimia 18 ya dola 5,000 ni dola 900. Toa ada za miaka hiyo, toa kamisheni, kumbuka pia kwamba dola ya mwaka wa tisa hailingani na dola ya leo, na utaona kuwa mtu anayekuja na dola 700 mkononi, ambaye muuzaji anamwona mdhihaki, huenda ameleta zaidi ya thamani ya kungoja. Sisemi muuzaji apokee papo hapo. Nasema kwamba katika soko ambalo miaka hupita bila mtu kuuliza, kilicho adimu ni mnunuzi, na huyu amekwisha kufika kwa miguu yake mwenyewe. Kwa kuwa amefika, nafasi ya kuuza mwaka huu si tena ile asilimia 2. Kumjibu kunachukua dakika tano. Kumnyamazia kunairudisha nafasi hiyo ilipokuwa.

Kwa nini basi hesabu nyepesi kama hii huwashinda watu? Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa kutumia vikombe vya kawaida vya chai na kahawa. Baadhi ya washiriki walipewa vikombe, wengine hawakupewa, kisha kila upande ukaulizwa bei yake. Katika jaribio mojawapo wenye vikombe kwa kawaida walitaka kama dola 7, ilhali wasio navyo walikuwa tayari kulipa chini ya dola 3. Kikombe kilikuwa kilekile, na umiliki wenyewe ulikuwa wa muda mfupi tu. Kama kumiliki kikombe kwa muda mfupi hivyo kunaongeza bei zaidi ya mara mbili, jina ambalo mtu amelibuni mwenyewe, akalilipia miaka sita na kulijengea ndoto ya kampuni, litapanda kiasi gani machoni pake? Sehemu ya pengo kati ya ofa na bei inatoka kwa mnunuzi anayejaribu bahati yake. Sehemu nyingine inatoka kwa muuzaji, naye kwa kawaida haioni. Hasira inayozuka ofa inapofika haithibitishi kuwa ofa ni mbaya, maana ingezuka hata kama ofa ingekuwa ya haki.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kuijibu ofa ya chini ni kujitia kitanzini, kwa kuwa namba ya kwanza kutajwa huyavuta mazungumzo yote upande wake. Pingamizi hili lina ushahidi. Mwaka 1974 Amos Tversky na Kahneman walieleza jaribio ambamo gurudumu la bahati lilizungushwa mbele ya watu, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioliona gurudumu likisimama kwenye 10 kwa kawaida walikadiria asilimia 25. Walioliona likisimama kwenye 65 walikadiria 45. Namba isiyohusiana kabisa na swali iliwavuta, basi dola 50 nazo zitavuta. Hata hivyo ushahidi huu unadai jibu, hautetei kimya. Namba ya mnunuzi hutawala inapobaki peke yake mezani, au muuzaji anapoanza kuizungukazunguka kwa kusema "ongeza kidogo" au "fanya basi mara mbili". Anayeandika dola 4,500 bila kuijadili ile 50 ameweka kipimo chake mwenyewe, na mazungumzo sasa yana ncha mbili. Bora zaidi ni kuitangaza bei tangu mwanzo. Tangazo la "bei maelewano" lisilo na namba yoyote linamkabidhi mnunuzi haki ya kusema kwanza, na aliyelitoa hana sababu ya kushangaa akiitumia haki hiyo.

Pingamizi la pili ni la historia. Business.com liliuzwa dola 150,000 mwaka 1997, na mwaka 1999 likauzwa tena kwa dola milioni 7.5. American Farm Bureau Federation, shirikisho la wakulima wa Marekani, lilipata dola milioni 8.5 mwaka 2010 kwa kuiuzia Facebook anwani ya herufi mbili, fb.com. Voice.com liliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Kwa nini basi mtu asikae kimya akangoja? Kwa sababu orodha hii ni ya walioshinda peke yao. Majina yaliyongoja hadi mwenyewe akachoka kuyalipia hayatangazwi popote. Tena majina haya matatu ni maneno mafupi au vifupisho ambavyo kampuni nyingi duniani zingevitaka, hivyo akiondoka mmoja hubaki wengi. Methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza inayafaa majina ya namna hiyo. Haimfai mwenye jina la maneno matatu la huduma ya mji mmoja, wala mwenye jina la Kiswahili linaloishia .co.tz, ambaye wanunuzi wake wanahesabika kwa vidole. Akimfukuza mmoja amepoteza sehemu kubwa ya soko lake. Zaidi ya hayo, kungoja na kujibu havigombani. Anayeamini kuwa jina lake ni la mamilioni anaweza kuyataja mamilioni hayo kwa adabu, kisha akaendelea kungoja.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kujibu kwa bei nyingine kunaweza kumpotezea muuzaji ofa iliyokuwa mkononi. Ni kweli, hata kisheria. Katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1840, mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, kisha akageuka na kusema anaikubali ile 1,000. Mahakama iliona kwamba kwa kutaja 950 mnunuzi alikuwa ameifuta ofa ya awali, na mwenye shamba hakuwa na deni naye tena. Nchini Tanzania nako Sheria ya Mikataba inataka ofa ikubaliwe kama ilivyo, bila masharti mapya. Kwa hiyo anayeijibu ofa ya dola 700 kwa kutaka 4,500 awe tayari kuziona zile 700 zikienda zake. Hatari hii haiponywi kwa kimya, maana kimya nacho huiua ofa, tena bila kuweka kitu mahali pake. Inaponywa kwa kujua kikomo. Kama dola 700 ziko chini ya kiwango ambacho muuzaji hawezi kukivuka, kujibu hakumpotezei kitu. Kama ziko juu yake, na hajawahi kupata mwulizaji mwingine, aombe nyongeza ndogo inayoeleweka, au akubali biashara iishe. Methali ya usiache mbachao kwa msala upitao haimwambii mtu asivutane bei. Inamwambia ajue anaacha nini.

Ipo hali moja ambayo ushauri huu haufai, nayo ni pale jina linapogusa alama ya biashara ya mwingine. Hapo swali la kwanza ni la haki, bei inafuata nyuma. Kanuni za kutatua migogoro ya majina zilizopitishwa na ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, mwaka 1999 zinahesabu kuwa ni nia mbaya kusajili jina kwa lengo hasa la kumuuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zilizotumika. Mwaka 2003 kijana wa Kanada wa miaka 17, Mike Rowe, alisajili MikeRoweSoft.com, jina lake likiwa na neno la programu mwishoni. Mawakili wa Microsoft walimpa dola 10, gharama ya usajili. Alijibu kwa kutaka dola 10,000, na jibu hilo likageuzwa kuwa hoja dhidi yake. Mwanzoni mwa 2004, baada ya kelele za magazeti, walipatana: akaliachia jina, akarudishiwa gharama, akapewa pia mashine ya michezo ya Xbox. Kabla yake, Dennis Toeppen alikuwa amesajili panavision.com mwaka 1995 na kuitaka kampuni ya Panavision dola 13,000. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Marekani ilimwona ana makosa. Visa hivi vinawajibu pia wanaosema kuuza majina ni ulanguzi mtupu. Sheria imekwisha kuchora mstari kati ya anayeshikilia neno la kawaida lililo wazi kwa wote na anayeteka jina la mwenzake. Wa kwanza ana haki ya kutaja bei. Wa pili akipata ofa ya dola 10 atafute wakili kabla ya kuandika neno lolote.

Jibu lenyewe liwe fupi: shukrani kwa kuuliza, bei, sababu moja ya bei hiyo, tarehe ambayo bei itakoma, na njia ya malipo. Sababu imguse mnunuzi: neno ni fupi, linatamkika kwenye simu bila mtu kutajiwa herufi, linaeleza biashara yenyewe. Jasho la muuzaji halimhusu mnunuzi, na makadirio yanayotolewa na programu za kupima thamani hayamshawishi mtu anayejua kuwa hubahatisha. Uongo wa "kuna mwingine ameshafika elfu tatu" uachwe, kwani mnunuzi akijibu "basi mpe huyo" hakuna pa kurudi. Pengo likibaki kubwa, malipo ya awamu huweza kuliziba: jina hushikwa na kampuni ya kati hadi fedha ya mwisho ilipwe, na mnunuzi akikwama linarudi kwa mwenyewe. Malipo ya mkupuo nayo yapitie kwa anayeshika amana, kama Escrow.com iliyoanzishwa mwaka 1999, na muuzaji aiandike anwani hiyo kwa mkono wake badala ya kubonyeza kiungo alichotumiwa. Ofa ya kuogopwa mara nyingi ni ile iliyo nono kupita kiasi: mtu anaikubali bei bila kuvutana, kisha anamtaka muuzaji anunue kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti anayoitaja yeye. Huyo hana haja na jina. Biashara yake ni hicho cheti.

Kwa anayeshikilia jina leo, kazi ni ndogo na ifanyike kabla ofa yoyote haijaingia. Aangalie mauzo ya majina yanayokaribiana na lake katika kumbukumbu zilizo wazi kama NameBio, kisha aandike namba tatu: bei atakayoitangaza, bei atakayoridhika nayo, na kima ambacho chini yake hauzi. Ofa ikija chini ya kima, ajibu kwa bei aliyoitangaza na maneno ya heshima, aendelee na shughuli zake. Ikija juu ya kima, akae azungumze. Na kama miaka mitano itapita bila hata mtu mmoja kuuliza, asilihuishe tena jina hilo. Dola 12 za kila mwaka zina kazi nyingine.